Selaginella dregei: Mwongozo Kamili wa Kuitambua Selajinela ya Majabali

Panda jabali la itale mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaanza, na utakuta mikeka ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia imelala juu ya mwamba. Imekauka kiasi kwamba ukiigusa inavunjika kama majani makavu ya chai. Wengi huipita wakidhani ni nyasi zilizokufa, au kuvumwani (kwa Kiingereza moss). Rudi siku moja baada ya mvua nzuri: mkeka uleule umekuwa kijani, laini, na ncha za matawi yake zinameta nywele nyeupe.

Mmea huo una mizizi na mishipa ya kupitisha maji, hivyo si kuvumwani. Hauna ua wala mbegu, hivyo si nyasi. Ni selajinela, na kwenye miamba ya Afrika Mashariki spishi ya kuanza kuifikiria ni Selaginella dregei. Nasema ya kuanza kuifikiria kwa sababu ina ndugu wanaofanana nayo mno, na kosa kubwa la wanaojifunza ni kuandika jina baada ya kuutazama mkeka kwa macho matupu wakiwa wamesimama. Mmea huu hautambuliwi kwa kusimama. Unapiga magoti, unauloanisha, unatafuta suke lake, yaani ncha ya tawi inayobeba spora (chembe zake za uzazi), unalitazama kwa lenzi.

Ni mmea wa ukoo gani

Jenasi ya Selaginella ina spishi zaidi ya 700 duniani, na nyingi ni za misitu yenye unyevu. Iko kwenye tawi la mimea ya kale sana, lililotengana na mimea mingine yenye mishipa miaka takriban milioni 400 iliyopita. Kwa hiyo hata kangaga, ambaye watu hupenda kumtaja kuwa ndugu yake, yuko karibu zaidi na mwembe kuliko na selajinela.

Ndani ya jenasi hiyo kubwa lipo kundi dogo, kiasi cha spishi 50 hivi, lililozoea mahali pakavu: majabali, changarawe, nyufa za miamba. Wataalamu huliita kundi la rupestris, kutokana na spishi ya Marekani Kaskazini iliyoelezwa na Linnaeus mwaka 1753 kwa jina la Lycopodium rupestre, ambayo leo ni Selaginella rupestris. Neno rupestris maana yake ni "ya miambani". Kwa miaka mingi ya karne ya 19 karibu kila selajinela ya mwambani, iwe ya Afrika, Asia au Marekani, ilibandikwa jina hilo moja. Ilipofika mwaka 1900, Mjerumani Georg Hieronymus aliligawa rundo hilo katika spishi nyingi, na mmea wetu ukapata jina lake la sasa. Dregei ni kumbukumbu ya Johann Franz Drège, aliyekusanya mimea mingi Afrika Kusini.

Historia hii ina faida yake kazini. Ukifungua kabati la sampuli za zamani ukakuta karatasi ya Afrika Mashariki imeandikwa "Selaginella rupestris", usidhani umegundua mmea wa Marekani nyumbani. Ni lebo ya enzi ile ambayo haikusahihishwa.

Vifaa

Hakuna cha gharama kubwa isipokuwa lenzi.

- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ya mara 20 inasaidia kwa spora, lakini kwa anayeanza inachosha, maana eneo linaloonekana ni dogo na mkono ukitetemeka kidogo picha inapotea.
- Chupa ya kupuliza maji, mililita 250 inatosha kwa nusu siku.
- Kibanio chenye ncha nyembamba na sindano ya kushonea.
- Rula yenye milimita.
- Vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja cheupe, kingine cheusi. Cheusi ndicho muhimu: nywele nyeupe za majani hazionekani kabisa juu ya karatasi nyeupe.
- Bahasha za kaki na penseli. Wino wa kalamu huchuruzika ukipata maji.
- Simu yenye kamera na GPS.

Lenzi ina namna yake ya kushikwa. Iweke karibu kabisa na jicho, mkono ukigusa shavu, kisha sogeza mmea uje kwenye lenzi mpaka uonekane wazi. Kwa lenzi ya mara 10 utakuwa kama sentimita 2.5 mbali na kioo. Wanaoshika lenzi mbali na uso kama mtu anayesoma gazeti huona ukungu tu, halafu wanalaumu kioo.

Wapi na lini pa kutafuta

Tafuta mwamba wa zamani ulio wazi: itale au naisi, wenye mteremko wa wastani, usio na miti mingi juu yake. Mandhari ya namna hiyo yanajulikana vizuri kwa watu wa Mwanza, Singida, Dodoma na Iringa, na upande wa Kenya kwa watu wa Taita, Kitui na Machakos. Spishi yenyewe imeenea kutoka Afrika Mashariki kwenda kusini hadi Afrika Kusini.

Ukishafika, usianze na kilele. Anza na ukingo: pale mwamba mtupu unapokutana na udongo wa kwanza, mara nyingi udongo wenye kina cha sentimita moja hadi tano tu. Maji ya mvua hupita hapo yakiteremka, kisha jua linapapiga siku nzima. Mmea mwingine ungekufa kwa njaa ya maji. Selajinela hutandaza mkeka, na mkeka wenyewe unanasa mchanga na majani makavu, kwa hiyo udongo unaongezeka chini yake mwaka hadi mwaka.

Majirani zake ni dalili nzuri. Ukiona Xerophyta, ile yenye vishina vyeusi vyenye manyoya magumu na maua ya zambarau au meupe, au Myrothamnus flabellifolius, kichaka kidogo kinachokunja majani yake kama feni wakati wa kiangazi, upo mahali pazuri. Vivyo hivyo mafungu ya Coleochloa setifera, mmea unaofanana na nyasi na kushika mwamba kwa nguvu. Wote hawa ni mimea inayokauka na kufufuka.

Wakati bora ni wiki ya pili hadi ya sita tangu mvua zianze, mkeka ukiwa wazi na masuke yameanza kujitokeza. Kiangazi pia kinafaa, alimradi una chupa ya maji. Kibaya zaidi ni siku ya mvua yenyewe. Itale iliyolowa na yenye ute wa mwani inateleza kuliko sabuni, na kuteremka ni kubaya kuliko kupanda. Nyufa nazo zina wenyewe: nyuki, nyoka, na pimbi ambao mkojo wao ulioganda huacha madoa meupe mwambani. Usitie mkono usikoona.

Jambo jingine: majabali mengi ni mahali pa matambiko. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa wazee, eleza unachotafuta, ndipo upande.

Hatua ya 1: Loanisha kwanza

Puliza maji kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, subiri dakika 10 hadi 20, puliza tena. Majani yaliyokuwa yamebana shina yataanza kufunguka mbele ya macho yako.

Hapa kuna mtego. Kufunguka kwa jani si ushahidi kwamba mmea ni hai. Jani hujikunja na kujikunjua kwa sababu kuta za seli zake zinanyonya maji, kama koni ya msonobari inavyofanya, na tawi lililokufa nalo linaweza kufunguka. Uhai unaonekana kwenye rangi. Chukua kitawi cha sentimita 3, kiweke kwenye kisosi chenye maji safi ya kawaida (si ya moto), kiache usiku kucha. Kikiwa hai, siku inayofuata kitakuwa kijani wazi kuanzia ncha kurudi nyuma. Sehemu za zamani karibu na mizizi zitabaki kahawia, na hilo ni la kawaida.

Wepesi huo wa kurudi kijani una sababu. Selajinela inapokauka haiitupi klorofili yake, inaihifadhi chini ya majani yaliyobana. Xerophyta ya pembeni huivunja yake yote na kulazimika kuitengeneza upya, ndiyo maana baada ya mvua yenyewe huchukua siku kadhaa kabla ya kuonekana kijani. Ukipita jabalini siku moja baada ya mvua, mimea hiyo miwili unaitofautisha ukiwa mbali.

Hatua ya 2: Hakikisha si kuvumwani

Usiamue kwa nywele nyeupe. Zipo kuvumwani za miambani, kwa mfano za jenasi ya Campylopus, zenye nywele nyeupe kwenye ncha za majani na zinazokaa kwenye mwamba uleule. Fanya hivi:

Vuta taratibu tawi moja kutoka ukingoni mwa mkeka. Selajinela ina shina gumu kama uzi wa nailoni, linalogawanyika mara kwa mara, na kutoka kwenye shina hilo zinashuka nyuzi ngumu zisizo na majani mpaka udongoni. Nyuzi hizo ni rizofora: vishikizo vinavyozaa mizizi halisi vikigusa udongo. Kuvumwani haina kitu kama hicho. Chini yake utakuta manyoya laini ya kahawia, mengi kama sufi, na shina lake linakatika bila ubishi.

Kisha tafuta uzazi. Kuvumwani huinua kijiti chembamba chenye kibuyu kidogo juu yake. Ukiona vibuyu, kazi imekwisha, si selajinela. Lakini usipoviona bado hujathibitisha lolote, kwa kuwa kuvumwani nyingi za majabalini huviota kwa nadra.

Laikeni, yale maganda ya kijivu, njano au chungwa yaliyoganda kwenye jiwe, hayana shina wala majani. Hayo hayapaswi kukusumbua.

Hatua ya 3: Majani ni ya aina moja au mbili?

Hili ndilo swali linalopunguza kazi kuliko yote.

Selajinela nyingi zina majani ya aina mbili kwenye tawi moja: safu mbili za majani makubwa yaliyotanda pembeni, na safu mbili za majani madogo yaliyolala juu ya shina. Tawi linakuwa bapa kama kangaga mdogo. Kundi la rupestris halina mpangilio huo. Majani yake yote ni membamba, yanafanana kwa umbo, na yanazunguka shina pande zote, hivyo tawi ni la mviringo kama mkia wa panya mdogo.

Weka kitawi kilicholoa juu ya karatasi nyeupe, kizungushe kwa kibanio. Kama kila upande unaonekana sawa au karibu sawa, endelea na hatua ya 4. Kama upande wa juu na wa chini ni tofauti kabisa, una selajinela ya kundi lingine.

Neno "karibu sawa" lina uzito. Kwenye shina linalotambaa, majani ya upande unaogusa udongo yanaweza kuwa marefu kidogo kuliko ya juu, na ya juu kupinda kuelekea mwanga. Anayeanza huona tofauti hiyo na kudhani ana majani ya aina mbili. Angalia umbo: kama yote ni membamba kama sindano, ni aina moja. Majani ya aina mbili hutofautiana waziwazi, moja ni pana kama yai na jingine ni dogo lenye umbo jingine.

Hatua ya 4: Jani moja, lenzi, karatasi nyeusi

Bana jani moja karibu na shina, livute kuelekea chini ya tawi ili litoke zima, liweke kwenye karatasi nyeusi. Chukua majani matatu au manne kutoka katikati ya tawi, usitumie ya nchani, maana bado hayajakomaa.

Utakachokiona kwenye S. dregei:

Jani ni jembamba, urefu wake ni mara kadhaa ya upana, lenye upana wa karibu nusu milimita tu. Urefu wake ni wa milimita chache. Ukipata jani la sentimita nzima, uko kwenye mmea mwingine. Ukingoni lina kope: vinywele vifupi vilivyopangika kama kope za jicho. Mgongoni, katikati, kuna mtaro mwembamba unaokwenda kwa urefu wa jani. Na nchani kuna unywele mweupe, mgumu, unaopitisha mwanga. Nywele hizo zikikusanyika kwenye ncha ya tawi hufanya kijibrashi cheupe, ndicho kinachometa kwenye mkeka mzima wakati wa jua la jioni.

Pima unywele peke yake, kisha jani bila unywele, uandike namba mbili. Watu huandika "jani milimita 3" bila kusema kama unywele umo, na kwenye kundi hili namba hiyo haina kazi. Pima majani yasiyopungua matano.

Kwenye matawi ya zamani unywele hukatika. Jani lisilo na unywele kutoka kwenye tawi kuukuu halithibitishi kwamba spishi haina unywele.

Hatua ya 5: Tafuta suke

Suke ndilo hukosekana kwenye picha nyingi zinazoletwa kutambuliwa, na si kwa sababu mmea haukuwa nalo. Suke la selajinela hii ni jembamba, halizidi sana unene wa tawi, na rangi yake ni ileile. Jicho linalipita.

Lipo kwenye ncha za matawi. Badala ya kulitafuta kwa macho, tumia vidole: shika ncha ya tawi lililoloa kati ya kidole gumba na cha shahada, uizungushe. Tawi la kawaida linazunguka kama uzi. Suke lina pembe nne, na pembe hizo unazihisi zikigonga kidole. Ukiliona kwa lenzi, majani yake yamejipanga kwenye safu nne zilizonyooka, mapana zaidi kwenye kitako kuliko majani ya kawaida.

Sasa ingiza sindano kwenye kwapa la jani moja la suke, ulifunue. Ndani kuna kifuko kimoja. Vipo vya aina mbili:

Kifuko chenye spora kubwa kina matuta, kwa sababu spora zake, kwa kawaida nne, zinasukuma ukuta kwa ndani. Kila spora ni chembe unayoiona hata bila lenzi, kama punje ndogo ya chumvi. Vifuko hivi mara nyingi huwa sehemu ya chini ya suke.

Kifuko chenye spora ndogo ni laini na huwa na rangi ya chungwa au nyekundu iliyopauka kikikomaa. Ukikipasua juu ya karatasi unapata unga.

Spora za ukubwa wa aina mbili ndizo zinazothibitisha kwamba ni Selaginella. Kuvumwani za miambani na jamaa wa Lycopodium hawana. Ukizipata, andika na upige picha spora kubwa karibu na rula.

Hatua ya 6: Shina linatambaa au linasimama?

Rudi kwenye mkeka kabla hujaondoka, kwa sababu jambo hili halionekani kwenye bahasha. Fuata tawi moja kutoka nchani kurudi nyuma kwa sentimita 10 au zaidi, ukiangalia rizofora. Kwenye S. dregei shina linatambaa, limegawanyika sana, na linashika mizizi mahali pengi kadiri linavyokwenda. Ndiyo maana unapata mkeka na si kishungi. Andika: rizofora zipo urefu mzima wa shina, au kwenye kitako tu? Zinatoka upande wa juu wa shina au wa chini? Katika kundi la rupestris mara nyingi hutoka upande wa juu kisha hupinda kuteremka, jambo ambalo mtu asiyejua angeona limekosewa.

Wanaofanana nayo

Selaginella njamnjamensis ni ya kundi hilohilo na inaota kwenye miamba ya Afrika ya tropiki, lakini mashina yake husimama katika mafungu na mizizi hukaa kwenye kitako. Hapa hatua ya 6 ndiyo inayoamua.

Selaginella phillipsiana ni ya maeneo makavu ya Pembe ya Afrika. Ukiwa kaskazini mwa Kenya au Somalia, iweke kwenye orodha ya watuhumiwa kabla ya kuandika dregei. Selaginella caffrorum nayo ni ndugu wa karibu. Kwa hawa wawili picha ya simu haitoshi, inatakiwa sampuli yenye suke ilinganishwe na zilizo kwenye hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa.

Selaginella imbricata inaota Yemen na Oman na pia upande wetu wa Afrika, kwenye miamba. Msomaji aliyeko Salalah, Oman, huenda akaifikia kabla ya nyingine zote. Hii ina majani ya aina mbili, na ikikauka matawi yake hujikunja kuelekea ndani. Mkeka wa S. dregei haujifungi kama ngumi; majani yake yanabana shina tu, na matawi yanabaki yamelala.

Selaginella kraussiana, inayopandwa sana bustanini na kuota kwenye misitu ya milimani, ina tawi bapa na hupenda kivuli na unyevu. Haitakiwi kuchanganywa, ila watu huichanganya kwa kuwa ndiyo picha ya kwanza wanayoiona wakitafuta neno Selaginella mtandaoni.

Na kwa msomaji aliyeko Marekani au Kanada: mashariki ya bara hilo, kutoka Kanada hadi Georgia, mmea wenye sura hii juu ya mwamba mkavu ni S. rupestris yenyewe. Majani yake ni milimita 2.5 hadi 4 na unywele wake huwa kati ya nusu milimita na milimita moja, wakati mwingine zaidi. Tahadhari huko ni S. densa ya nyanda za magharibi, yenye mashina mafupi yaliyosongamana, na S. tortipila ya kusini mwa Appalachia, ambayo nywele zake zimejisokota na hudondoka mapema. Baadhi ya makundi ya S. rupestris yana spora kubwa pekee, bila spora ndogo, na huzaa bila mbegu ya kiume, kwa hiyo usishangae ukikosa unga wa chungwa. Florence Lyon alieleza mwaka 1901 jinsi spora kubwa ya spishi hiyo inavyoweza kubaki ndani ya suke mpaka kijimea kichanga kianze kukua humo, karibu kabisa na tabia ya mbegu.

Picha tano zinazotosha

Jabali lote na mteremko wake. Mkeka kutoka juu, rula pembeni. Tawi lililoloa kutoka ubavuni. Jani juu ya karatasi nyeusi. Suke, likiwa limefunuliwa kama inawezekana. Kwa picha mbili za mwisho, weka lenzi ya mkono igusane na lenzi ya simu, zima taa ya simu, tumia jua la pembeni: mwanga wa moja kwa moja hufuta kope zote za jani.

Kuchukua sampuli

Hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi haziruhusu kuchuma bila kibali, na utafiti rasmi una taratibu zake, kwa mfano kupitia tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya. Nje ya hapo, ruhusa ya mwenye eneo bado inahitajika.

Mkeka unakua polepole, kwa hiyo kipande kidogo. Kata kwa wembe kitawi cha sentimita 5 hadi 7 kutoka ukingoni, chenye shina, rizofora na angalau masuke mawili. Usichimbue katikati: ukifungua tundu katikati ya mkeka, maji ya mvua inayofuata yanaingia chini yake na kuunyanyua, na kipande chote kinaweza kuteleza pamoja na udongo wake. Mkeka mdogo kuliko sahani ya chakula, piga picha tu.

Tikisa udongo, tia kwenye bahasha ya kaki. Usitumie mfuko wa plastiki; kwenye gari lenye joto sampuli yenye unyevu inaota ukungu ndani ya siku mbili. Bahasha moja, mkeka mmoja, hata kama mikeka miwili inagusana, kwa sababu spishi mbili zinaweza kuishi bega kwa bega. Kubana kwa uzito kama unavyobana majani mapana hakuna haja, kunaponda suke. Kitabu chepesi juu ya bahasha kinatosha, na kwa siku tatu hadi tano mahali pakavu itakuwa tayari. Uzuri wa mmea huu ni kwamba hata kama umesahau kupima, unaweza kuuloanisha tena nyumbani na ukafunguka.

Hebaria za kupeleka zipo: Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hebaria ya taifa iliyoko Arusha, na Makerere kwa Uganda.

Makosa yanayorudi kila mara

Kutambua kwa mkeka mkavu ndilo la kwanza. Rangi ya kiangazi haisemi chochote: kahawia, kijivu na wekundu vyote vinaweza kutoka kwenye mkeka mmoja, kutegemea kivuli na umri wa tawi.

La pili ni kuamini jibu la programu ya simu. Programu hizo zimelishwa picha nyingi zaidi za Marekani, na hukurudishia S. rupestris ukiwa umesimama Iringa. Ichukue kuwa ni ishara kwamba umefika kwenye kundi sahihi, basi.

La tatu ni kulazimisha jina la spishi. Kama hukupata suke, au hukuangalia rizofora, andika "Selaginella, kundi la rupestris". Hebaria itaipokea kwa furaha kuliko jina kamili lisilo na ushahidi, kwa kuwa lebo iliyokosewa hunakiliwa na watu wengine kwa miaka.

Lebo

Andika kwa penseli palepale jabalini, kabla hujashuka: nchi, mkoa au kaunti, wilaya, kijiji, jina la jabali kama wenyeji wanavyoliita, namba za GPS na mwinuko kwa mita, aina ya mwamba na upande unaoelekea mteremko, kina cha udongo chini ya mkeka, ukipimwa kwa sindano na rula, mkeka ulikuwa mkavu au umeloa, shina linatambaa au limesimama, rizofora ziko wapi, mimea jirani, jina lako, namba ya sampuli na tarehe. Namba ileile iandikwe kwenye bahasha, kwenye daftari, na kwenye kikaratasi kitakachoonekana ndani ya kila picha.

Jina la kisayansi liandikwe mwisho, likifuatiwa na jina la aliyelitoa na tarehe aliyolitoa, ili atakayelibadilisha baadaye ajue ameanzia wapi.